Anaitwa Kwenda, Lakini Amekaa

Perth, Australia
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa Mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta goti la kushoto likiwa limepunguza kelele, na yule ng'ombe mweupe akiwa ameacha mchezo wake wa kupiga ndoo teke. Mimi ni mzima. Kikohozi kiliisha, sweta ninazo, na ninakula, kwa hivyo hayo maswali matatu usiniulize tena. Ugali ninajipikia mwenyewe, ingawa unga wa huku ni laini sana na ugali wake unateleza mkononi. Vipi viazi? Ndugu yangu Kariuki aliniambia ukungu wa Molo umekaa siku nyingi mwaka huu na ulikuwa na wasiwasi na lile shamba la juu. Natumaini umepiga dawa mapema.

Anayekuletea barua hii ni Mama Chebet, mwenzangu wa kazini, mtu wa Njoro, anakuja nyumbani kwa likizo. Mpe chai ya maziwa mengi, maana ameilia tangu mwaka jana. Najua utauliza kwa nini ninaandika kama watu wa zamani na simu iko. Ni kwa sababu kwa simu, Mama, nikifika tu kwa habari ya mtoto wa Kariuki, unasema "network inapotea" halafu unakata. Kariuki ameniambia network ya Molo siku hizi haina shida yoyote. Karatasi huwezi kuikata. Unaweza kuificha chini ya godoro, lakini nakujua, utaitoa tena usome.

Nianze na ile siku ya Nakuru. Usikasirike. Kariuki alinisimulia nikacheka mpaka machozi, ingawa siku yenyewe hakuna mtu kwetu aliyekuwa na hamu ya kucheka. Wambui, mkewe, alikuwa amejifungua kabla ya wakati, mtoto mdogo kiasi kwamba Kariuki alisema aliogopa kumtazama asije akamvunja kwa macho. Wewe ukashuka kutoka Molo na chupa yako ya uji, ukaingia wodini, ukakuta kitanda cha Wambui kitupu. Ukamuuliza nasi, yule muuguzi wa zamu. Nasi akakujibu akipita, "Huyo ako kangaroo."

Sasa wewe, kangaroo uliyoijua maisha yako yote ni moja, ile korti ya kangaroo ya kwenye redio, pale mtu anahukumiwa bila kusikilizwa. Kariuki anasema uliweka chupa ya uji chini polepole.

"Kangaroo? Kwani huyu msichana ameiba nini?"

"Hapana mathe, si hivyo..."

"Nani anamhukumu? Nataka kumwona! Mtoto wa watu amezaa jana na nyinyi mnamweka korti?"

Wodi nzima ikasimama. Yule nasi akakushika mkono kwa heshima, akakupeleka kwenye chumba cha mwisho, na hapo ukamkuta Wambui kwenye kiti, gauni wazi kifuani, na mtoto amelala katikati ya matiti yake, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, wote wawili wamefungwa kwa leso moja. Ukaelezwa kwamba kangaroo ndivyo anavyombeba mtoto wake, na kwamba watoto waliokuja mapema hukua vizuri hivyo. Kariuki anasema ulirudi ukachukua chupa yako. Ulimpa Wambui uji ukarudi Molo.

Jioni ukanipigia. Sitasahau sauti yako. Uliniambia, "Njoroge, wewe ndio uko huko kwa hao wanyama. Niambie ukweli. Watoto wao hukaa, ama huenda?"

Mama, mimi nijulie wapi? Nimekaa nchi hii muda wote huu, na kangaroo nimemwona kupitia dirisha la basi tu, tena akiwa amenipa mgongo. Nikakuambia sijui. Ukasema, "Basi uliza," ukakata. Barua hii ndiyo jibu langu. Limechelewa kwa sababu nilitaka kuona kwa macho yangu kwanza.

Kangaroo wa kumuuliza sikumpata. Nilimpata mdogo wake. Unajua kazi yangu, kuwatunza wazee: kuwaosha, kuwavalisha, kuwapelekea chai, kuwasikiliza. Nyumba yenyewe ina bustani nzuri ya nyasi, na miezi michache kabla ya Wambui kujifungua nilianza kuona vishimo kwenye zile nyasi kila asubuhi. Vishimo vidogo, vimechongoka kwenda chini. Meneja analalamika, mimi ninatabasamu, kwa sababu mtu wa Molo haambiwi fuko ni nini. Nilikumbuka jinsi fuko walivyotumalizia viazi nikiwa shule ya msingi, na jinsi marehemu Baba alivyonifundisha kuwatega kwa fimbo iliyopindwa na waya. Basi nikatafuta fimbo, nikatafuta waya, nikapiga magoti pale nyasini na yunifomu yangu nyeupe nikaanza kutega.

Nikasikia sauti dirishani. "Kwenda! Kwenda!"

Mama, niliruka. Ni mama mzee mmoja ninayemtunza, amepita miaka tisini. Huku kila mtu anaitwa kwa jina lake la kwanza, hata awe na umri wa kumzaa nyanya yako, na mdomo wangu ulikataa. Nikamwambia kwetu mtu kama yeye anaitwa Shosho. Alilipenda hilo jina, sasa hata wauguzi wanamwita hivyo. Ndiye aliyekuwa akinipigia kelele. Nikafikiri, ni nani amemfundisha huyu Kiswahili, na kwa nini ananifukuza?

"Shosho, nimekukosea nini?" nikamuuliza.

"Si wewe. Huyo mnyama. Anaitwa kwenda. Toa waya yako hapo kabla sijashuka."

Kumbe ndilo jina lake, Mama. Ni neno la wenyeji wa asili wa pande hizi, waliokuwa hapa kabla ya wazungu, na linatamkwa vile vile kama letu. Nilicheka peke yangu pale nyasini na waya mkononi. Mnyama anaitwa Kwenda na hana habari kwamba nusu ya Afrika inamfukuza kila inapomtaja.

Ungemwona ungechukua ufagio. Ni mkubwa kama sungura aliyekonda, ana sura ya panya, mgongo wa mviringo na pua ndefu ya kupekua. Jua likitua anatoka, anachimba, anakula minyoo na funza wa nyasi, asubuhi amejificha kwenye majani makavu. Shosho anasema vile vishimo vinaisaidia ardhi, maji ya mvua yanapata mahali pa kuingia. Meneja hajakubali.

Basi uliponiuliza lile swali lako, kesho yake nilimpelekea Shosho nikimchana nywele. Shosho alilelewa shambani na kwa miaka mingi amekuwa akifuma vifuko vya sufu kwa ajili ya wanyama wadogo waliofiwa na mama zao. Alinieleza mambo ambayo nilidhani ananitania.

Kwenda hubeba mimba kwa chini ya wiki mbili, Mama. Chini ya wiki mbili! Hata kuku anatamia zaidi. Kwa hivyo mtoto wa kwenda kila mara huzaliwa kabla ya wakati. Kwao hakuna mtoto wa aina nyingine. Anatoka akiwa mdogo kama punje ya maharagwe, hana manyoya, haoni, masikio yamefungwa. Kitu pekee kilichokomaa ni mikono. Kwa hiyo mikono anatambaa mwenyewe mpaka kwenye mfuko wa mama yake, na kitovu bado kimemshika nyuma kama ndama aliyefungwa kamba ndefu. Akifika anashika chuchu na haiachi tena mpaka apate nguvu. Anakaa humo kama miezi miwili. Yale mengine yote ambayo mtoto wa mtu huyafanya tumboni, yeye anayafanyia kifuani kwa mama, nje ya tumbo lakini ndani ya joto.

Na sikiza hili, maana nilikukumbuka. Mfuko wa kangaroo umefunguka juu. Wa kwenda umefunguka nyuma. Unajua kwa nini? Kwa sababu yeye ni mchimbaji, na mfuko ungefunguka mbele udongo ungemwingilia mtoto. Wewe ulikuwa ukinifunga mgongoni ukivuna viazi, na udongo wa Molo nafikiri bado uko masikioni mwangu. Nilimweleza Shosho hivyo, akasema angependa sana kukufahamu.

Nikamuuliza wanaishi muda gani. Miaka miwili, akasema, au mitatu. Akifika minne huyo ni mzee wa kanisa. Nikasikitika, nikamwambia ni muda mfupi sana kwa mtu aliyeanza maisha kwa taabu namna hiyo. Akaniangalia kwa kioo.

"Kwake si mfupi. Anachimba kila siku. Mimi nimeishi miaka mingi na kuna mwaka mzima sikuchimba kitu."

Nikamuuliza na hilo swali lako lenyewe, kama watoto hukaa. Akaniambia wengi huenda. Paka, mbweha, magari. Uliniomba ukweli, nami ninakupa. Hii ndiyo sababu sikukupigia siku ile. Sikuweza kukuambia nusu hiyo peke yake, na nusu nyingine nilikuwa sijaiona.

Nayo niliiona wiki ile ile. Niliingia kazini asubuhi nikakuta kwenda amegongwa na gari mbele ya geti. Alikuwa mama. Shosho alikuwa tayari dirishani, nafikiri yeye hulala hapo. "Angalia mfuko!" akaniita. Mama, mimi mwanao ambaye hata kuku nilikuwa namkimbia akichinjwa, nilipiga magoti barabarani nikaingiza vidole. Kulikuwa na mmoja hai. Manyoya ndiyo yalianza kuota, macho ndiyo yanafunguka, ameachia chuchu. Alitoshea kiganjani na nafasi ikabaki, na alikuwa baridi.

Nikakimbia naye ndani. Shosho akatoa kifuko cha sufu ya kahawia kutoka kwa kikapu chake cha kufumia, tukamweka ndani. Tukapiga simu kwa watu wanaotunza wanyama wa pori, wakasema wako mbali, watafika alasiri. Nikamwambia Shosho basi nimweke karibu na hita.

"Hita haijui imezidi lini," akasema. "Kifua kinajua. Weka ndani ya shati."

"Shati ya kazi?"

"Kwani una kifua kingine nyumbani?"

Nikamweka. Nikafunga vifungo, nikafanya kazi yangu siku nzima hivyo. Nilipeleka chai na kwenda kifuani. Nilimvalisha mzee mmoja soksi, akanitazama sana, akaniambia moyo wangu una miguu. Mwanzoni nilikuwa nasikia ubaridi tu, kama nimebeba jiwe la mtoni. Baada ya chai ya saa nne ubaridi ukaisha. Halafu nikaanza kumsikia akipumua, haraka haraka, na kila nikitembea polepole naye anatulia. Mama, nililia. Nilijifungia stoo ya mashuka nikalia kidogo, kwa sababu nilijua kwamba saa ile ile, Nakuru, Wambui alikuwa amekaa kwenye kiti kile na mtoto wetu akipumua hivyo hivyo. Niliona aibu kwamba tulikuwa tumecheka.

Alasiri akaja mama mmoja wa wanyama, akamtoa, akamkagua, akasema ana joto zuri. Akaenda naye. Kila siku nilimwandikia nikimuuliza hali, mpaka nafikiri alinichoka. Akawa ananitumia habari: amekunywa maziwa, ameongeza uzito, amemng'ata. Na Kariuki naye akawa ananitumia za Nakuru: amelishwa maziwa kwa kijiko, ameongeza uzito, ameshika kidole. Siku nyingine nilisoma ujumbe nikiwa na usingizi nisijue ni wa mtoto yupi.

Halafu wiki iliyopita mambo mawili yakatokea karibu pamoja. Mtoto wetu aliruhusiwa kuja nyumbani Molo. Na mama wa wanyama akaja na sanduku, akamfungulia kwenda wetu pale pale kwenye bustani aliyochimba mama yake. Akatoka, akanusa, akaingia kwenye majani makavu, basi. Asubuhi iliyofuata hakukuwa na kishimo. Ya pili hakuna. Shosho akaacha kula kifungua kinywa chake vizuri. Mimi nikajiambia paka amemaliza.

Jana asubuhi nilipofika, Shosho alikuwa amevaa miwani yake ya mbali, anagonga kioo kwa fimbo. Nyasi zilikuwa zimejaa vishimo, Mama. Vibichi, udongo bado una maji. Nilikuwa nimemfundisha maana ya lile neno kwa lugha yetu, na maneno mengine machache. Akanishika mkono akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "Kwenda amekaa."

Hilo ndilo jibu la swali lako. Wengine huenda, na si kosa la aliyewabeba. Lakini hukaa pia, Mama. Wanaanza wakiwa punje, na hukaa.

Sasa nifike pale unapokata simu.

Wambui amenieleza yanayoendelea. Usimwonee, nilimuuliza mimi. Amesema nasi aliwaambia waendelee na kangaroo nyumbani mpaka mtoto aongeze uzito, na kwamba mtu yeyote mzima wa nyumba anaweza kumbeba. Kariuki akiwa nyumbani anavua shati anambeba, dereva mzima wa lori, na mimi nimemwambia madereva wenzake wa Salgaa wakimcheka wanipigie mimi. Lakini lori la viazi halingoji, na akiondoka Wambui anabaki peke yake na mtoto kifuani mchana kutwa mpaka anasinzia amekaa. Anaogopa kumwangusha. Na wewe uko nyumba hiyo hiyo. Amesema unapika, unafua, unamletea uji wa wimbi, mkono wako haupumziki. Lakini mtoto hujamgusa. Ameniambia pia unaingiza jiko la makaa chumbani na kufunga dirisha, na kwamba mtoto unamwita "mgeni". "Mgeni amelala?" "Mgeni amenyonya?"

Mama, najua kwa nini. Shangazi yetu, Tata Wairimu, aliniambia zamani, kabla sijasafiri, kwamba kati yangu na Kariuki alikuja msichana. Alikuja mapema. Alisema mlimfunga blanketi zote za nyumba mkamweka ndani ya katoni karibu na moto, na wewe hukulala, ukawa unaongeza makaa, na bado akaenda. Na kwamba hakuwa amepewa jina, na tangu siku hiyo hakuna aliyemtaja nyumbani kwetu. Sikuwahi kukuambia ninajua. Ninakuambia leo kwa sababu nimembeba mnyama mdogo siku moja tu na nimeelewa kitu kimoja. Wewe hukukosa kufanya kitu. Ulifanya kila ulichoambiwa. Kifua ulikuwa nacho, hapo hapo, chini ya sweta, na hakuna mtu hata mmoja katika Molo nzima aliyekuambia ufungue vifungo. Kama wangekuambia, ungembeba mpaka leo.

Sasa umeambiwa. Tafadhali, jiko litoke chumbani leo hii, usingoje kesho. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu ya kukuonya na inaweza kuwachukua wote watatu mkiwa usingizini. Dirisha liachwe wazi kidogo hata kama Molo ni baridi. Halafu kaa kwenye kile kiti cha Baba. Fungua sweta yako ya kijani. Mwambie Wambui akuwekee mtoto, ngozi kwa ngozi, uso wake ukiwa upande ili apumue vizuri, mjifunge leso, yeye aende akalale. Mwanzoni utasikia ubaridi. Usiogope, ngoja. Utaisha.

Mama Chebet atakupa pia kofia ndogo ya kahawia. Shosho aliifuma kwa sufu iliyobaki ya kile kifuko. Anasema ina bahati kidogo, na kwamba anaomba umsalimie mtoto. Aliniuliza anaitwa nani, nikamwambia kwetu msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake, wala hakuna mkutano wa kuamua. Akasema basi huyo bibi lazima anajivuna sana. Nikamwambia ndiyo. Usinifanye mwongo.

Msalimie Wambui, mwambie yeye ndiye shujaa wa familia hii na chokoleti zilizo kwa Mama Chebet ni zake peke yake. Msalimie Kariuki dereva wetu, aendeshe polepole kwenye mteremko wa Salgaa. Nisalimie Tata Wairimu wa Kabazi, na usimgombeze kwa kuniambia. Msalimie jirani yetu mzee wa ng'ombe, na akina mama wa kanisa wanaokuombea. Ile habari ya lini nitaoa, wajibu vile huwa unawajibu.

Na mwisho nisalimie Nyambura, wote wawili. Mkubwa nimeshamsalimia kwa barua nzima. Mdogo msalimie wewe mwenyewe, akiwa hapo kifuani, na umwite kwa jina, kwa sauti, ili alisikie kutoka kwa mwenye nalo.

Wako anayekupenda na kukukumbuka kila nikiona udongo uliochimbwa,

Mwanao,
Njoroge